Uzi: Foleni ya Pemba inaburuza mji mzima. Tufanyeje keneli itume paketi haraka?

FundiMichenzani

Asalaam aleikum wakuu. Kuna ruta ya Linux hapa mjini Unguja, Debian 12, keneli (kiini cha mfumo) 6.1, kori 8, kadi ya Intel 82599 ya gigabiti 10. Mlango ni mmoja, eth0, umegawiwa VLAN (mitandao pepe) mbili: eth0.10 ya wateja wa Unguja, na eth0.20 inayokwenda kwenye redio ya kuvukia Pemba, uwezo wake megabiti 400. Ili redio isizidiwe, HTB (kipimo kinachogawa kasi kwa madarasa) imewekwa hivi (filta za VLAN zipo, nimeziacha):

```
tc qdisc add dev eth0 root handle 1: htb default 10
tc class add dev eth0 parent 1: classid 1:10 htb rate 9gbit
tc class add dev eth0 parent 1: classid 1:20 htb rate 400mbit
```

Baada ya Isha, watu wanaporudi majumbani, kori zote nane zinapanda juu kwenye %soft (muda wa prosesa unaoliwa na kazi za ndani za keneli, kama kusukuma paketi). Wateja wa Unguja, ambao hawana shughuli yoyote na Pemba, nao wanakwama. Kadi yenyewe haijafika hata gigabiti 3. Ping ya Chake Chake inaruka kupita milisekunde 300. Ringi ya TX (orodha ya paketi zilizokabidhiwa kadi) imepandishwa hadi 4096 na txqueuelen (urefu wa foleni ya keneli) hadi 10000, hali ikazidi kuharibika. Tatizo ni kadi, draiva au keneli?

DadaWaKeneli

Waalaikum salaam. Kadi usiiguse kwanza. Tuletee `perf top` wakati huo huo wa Isha, na `tc -s qdisc show dev eth0`. Ya kwanza inaonesha kazi gani inakula prosesa; ya pili inaonesha qdisc, yaani foleni za keneli zinazopanga paketi kabla ya kadi.

FundiMichenzani

perf: `native_queued_spin_lock_slowpath` inaongoza, imechukua zaidi ya nusu ya muda wa prosesa. Chini yake ni `htb_dequeue` na `__dev_queue_xmit`. Kwenye tc, backlog ya 1: imejaa maelfu ya paketi na dropped inapanda.

DadaWaKeneli

Basi jawabu umeliandika mwenyewe. Hiyo slowpath ni kori zilizosimama zikigombania kufuli moja, linaloruhusu kori moja tu kupita kwa wakati mmoja.

Kadi ya 82599 ina foleni nyingi za kutumia, na ixgbe, draiva yake, kwa kawaida huweka foleni moja kwa kila kori. Keneli ikiachwa yenyewe hupanda `mq` kwenye mzizi, na chini ya mq kila foleni ya kadi hupata qdisc yake na kufuli lake. Kori 0 inatuma kwa tx-0, kori 5 kwa tx-5, hakuna anayemngoja mwenziwe. Ulipoandika `root htb` uliing'oa mq yote. Sasa zipo foleni nane za kadi lakini mlango wa kuzifikia ni mmoja. Ni kama pale bandarini Malindi abiria wa Dar na wa Pemba wote wapitishwe kwa mkaguzi mmoja wa tiketi: boti zipo, nafasi imo, na watu wamejaa nje.

HTB haina budi kuwa na kufuli moja, maana inahesabu tokeni za darasa zima. Kosa lako ni mahali ulipoiweka. Kinachohitaji kupimwa ni VLAN ya Pemba tu, kwa hiyo kipimo kikae kwenye eth0.20, na eth0 irudishiwe mq:

```
sysctl -w net.core.default_qdisc=fq_codel
tc qdisc del dev eth0 root
tc qdisc replace dev eth0.20 root cake bandwidth 370mbit besteffort dual-dsthost
```

Anza na sysctl, kwa sababu watoto wa mq huzaliwa na qdisc ya kawaida (hapa fq_codel, inayotenganisha mikondo na kuzuia foleni ndefu) iliyopo saa ile unapofuta mzizi. Kifaa cha VLAN hakina foleni kwa desturi (`noqueue`). Ukikipa cake (qdisc yenye kipimo cha kasi ndani yake) kinapata kufuli lake peke yake, na paketi ikishavuka hapo inashuka kwenye mq ya eth0 kama paketi nyingine. Megabiti 400 za paketi zenye wastani wa baiti 800 ni paketi 62,500 kwa sekunde. Kufuli moja linabeba hizo bila jasho. Halikuweza kubeba za mji mzima.

Na ping ya 300? Darasa la HTB usilolipa qdisc ya ndani hupewa pfifo (foleni ya wa kwanza kuja, wa kwanza kutoka), na urefu wa pfifo hiyo ni txqueuelen. Paketi 10,000 za baiti 1514 ni megabiti 121. Zigawe kwa 400 kwa sekunde: milisekunde 303. Hesabu imeangukia pale pale.

MzeeWaTX

Dada kasema kweli tupu. Naongeza upande wa chini, kwa sababu wengi wakishaondoa kufuli huanza kuuliza kwa nini bado hawafiki gigabiti 10 kwa paketi ndogo.

Fremu ndogo ya Ethernet ni baiti 64, ukiongeza utangulizi na pengo la baiti 20 zinakuwa 84, yaani biti 672. Kwa gigabiti 10 hizo ni paketi milioni 14.88 kwa sekunde, na kila moja ina nanosekunde 67.2 tu. Prosesa ya GHz 3 ina mizunguko kama 200 kwa muda huo. Kukosa data kwenye kache mara moja hula kama nanosekunde 32, kwa hiyo ukikosa mara mbili umeshamaliza posho yote na hujafanya kazi. Fremu kubwa ya baiti 1538 kwenye waya ina nanosekunde 1230. Ndiyo maana mtu anapima kwa kupakua faili kubwa, anaona mambo mazuri, halafu simu za sauti zikizidi mashine inapiga magoti. Kipimo cha mashine ni paketi kwa sekunde.

Kati ya gharama za kila paketi, moja husahauliwa: kengele. Draiva ikishaandika deskripta (kijinoti cha kuieleza kadi paketi iko wapi) kwenye ringi, lazima iiambie kadi "kuna mzigo", kwa kuandika kwenye rejista ya kadi kupitia PCIe. Maandishi hayo hayapiti kwenye kache, na ni ghali. Zamani kengele ilipigwa kwa kila paketi. Keneli 3.18, mwaka 2014, ilileta `xmit_more`: tabaka la juu linamwambia draiva "hii siyo ya mwisho, nyingine iko nyuma yako", naye anajaza ringi kimya na kupiga kengele mara moja mwishoni. Jesper Dangaard Brouer, mmoja wa waandishi wa keneli, alionesha kwa pktgen (kirusha paketi za majaribio kilichomo kwenye keneli) kwamba kori moja inaweza kufikia hizo milioni 14.8 kwa kutuma kwa mkupuo.

KijanaWaWete

Sheikh MzeeWaTX, hapo mimi naingia wasiwasi. Ukingoja paketi zikusanyike ndipo upige kengele, si unaongeza ucheleweshaji? Watu wa simu watatulalamikia.

MzeeWaTX

Swali zuri mno, na hapo ndipo uzuri wa kazi ile ulipo. Keneli haingoji. Daladala ya Mwanakwerekwe hungoja ijae. Keneli ikifanya hivyo imeharibu. Fikiria hamali kwenye gati la Wete: akikuta gunia moja la karafuu analibeba hilo moja na kuondoka, akikuta manane yamekwishajipanga anayapakia yote kwenye mkokoteni kwa safari moja. Hakuna gunia lililokaa likisubiri lenziwe.

Kwa qdisc ni vivyo hivyo. Foleni ikiwa tupu, fq_codel huruhusu paketi ipite moja kwa moja hadi kwa draiva na kengele inapigwa papo hapo. Foleni ikiwa imekwishajengeka, keneli inachota paketi kadhaa kwa kushika kufuli mara moja, inazikabidhi kama mnyororo, kengele moja. Msongamano wenyewe ndio unaoleta nafuu.

Kuna masharti mawili. Qdisc iwe inalisha foleni moja tu ya kadi (watoto wa mq wanatimiza hili). Na kiasi cha kuchota kinawekewa mpaka na BQL, kwa hiyo draiva isiyo na BQL haipati mkupuo kutoka kwenye qdisc.

FundiMichenzani

BQL ndiyo ile ya `byte_queue_limits`? Nimeiona kwenye /sys sijui kazi yake. Na je, ringi nirudishe?

DadaWaKeneli

Ndiyo hiyo. Iliingia keneli 3.3 mwaka 2012. Ringi huhesabu deskripta, na deskripta haisemi paketi ni kubwa au ndogo. Ringi ya 4096 ikijaa paketi za baiti 64 ni kilobaiti 256 tu, na mlango wa gigabiti 1 unazimaliza kwa milisekunde 2 hivi. Ringi ile ile ikijaa paketi za baiti 1514 ni megabiti karibu 50, yaani milisekunde 50 kwa gigabiti 1 na nusu sekunde kwa mlango wa megabiti 100. Na paketi ikishaingia kwenye ringi haitoki kwa hila yoyote. Fq_codel haiwezi kuipanga tena wala kuitupa. BQL inahesabu baiti zilizo mikononi mwa kadi na kuruhusu zile tu zinazotosha kadi isikae bure. Zinazobaki zinakaa juu, kwenye qdisc, mahali penye akili.

Itazame:

```
grep . /sys/class/net/eth0/queues/tx-0/byte_queue_limits/*
```

`limit` ikibadilika badilika kadiri ya mzigo na `inflight` ikipanda na kushuka, draiva inaitumia. Hizo mbili zikiwa 0 daima hata kwenye mzigo, draiva haina BQL. Usiguse `limit_max` bila sababu; 1879048192 unayoiona maana yake ni kwamba hujaweka mpaka.

Kwako wewe, mlango wa gigabiti 10 usiojaa, ringi ya 4096 haikukuletea ucheleweshaji. Ilikuchafulia kache tu. Rudisha 512, ambayo ndiyo ya kawaida kwa ixgbe: `ethtool -G eth0 tx 512`. Kiungo kitakatika kwa muda mfupi, kwa hiyo fanya alfajiri. Na txqueuelen 1000 inatosha; fq_codel na cake haziisomi kabisa.

BaharinKojani

Naomba nisemee upande wa redio, maana hapo 370 ya Dada inaweza kuwa kubwa siku nyingine. Kiungo cha Unguja na Pemba kinavuka bahari kwa kiasi cha kilomita 50. Mawimbi ya redio yanafika kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kuakisiwa na maji, na mahali pa kuakisi panabadilika maji yanapojaa na kupwa. Siku za bamvua, ambapo kujaa na kupwa kunapishana kama mita 4, mabadiliko hayo ni makubwa kuliko siku za maji mafu. Ongeza mvua ya masika. Redio inajilinda kwa kushusha modulesheni, na megabiti 400 zinakuwa 250 bila kukuaga. Cake yako bado inasukuma 370, foleni inahamia ndani ya redio, na kule hakuna fq_codel.

Soma kasi ya redio kwa SNMP (itifaki ya kusoma hali ya vifaa) kila sekunde chache, kisha:

```
tc qdisc change dev eth0.20 root cake bandwidth 230mbit
```

`change` haimwagi paketi zilizomo. Kaa asilimia 7 hadi 10 chini ya ile redio inayosema, na unapopandisha panda taratibu. Unaposhusha shusha mara moja.

KijanaWaWete

Ahsante ami. Kuna jambo la pili. Seva ya sauti hapa Wete inatuma UDP nyingi ndogo kwa `sendto()`, moja moja. Nikibadilisha iwe `sendmmsg()` nitapata mkupuo huo huo wa kengele?

MzeeWaTX

Sivyo unavyodhani. `sendmmsg` inaokoa gharama ya kuingia na kutoka keneli: unaingia mara moja na ujumbe 32 au 64 badala ya mara 32 au 64. Lakini ndani, kila ujumbe bado unapita njia nzima peke yake, kuanzia soketi, ruti, netfilta hadi qdisc. Kengele haikuunganishwa, isipokuwa foleni iwe imejengeka kwa sababu nyingine.

Kinachounganisha safari nzima ni `UDP_SEGMENT`, ya keneli 4.18 (2018). Unampa keneli bafa moja kubwa na ukubwa wa kipande, inapita njia yote kama paketi moja na inakatwa mwishoni, kwenye kadi ikiwa inaweza au kwenye keneli kabla ya draiva. Mambo ya kuchunga: vipande vyote viende anwani na poti moja, vyote viwe na ukubwa sawa isipokuwa cha mwisho, kipande pamoja na vichwa kitoshe MTU (ukubwa wa juu wa paketi), yaani kipande chenyewe kisizidi baiti 1472 kwa IPv4 kwenye MTU 1500, na usivuke vipande 64 kwa wito mmoja.

Kwa simu za sauti, ambapo kila paketi inakwenda kwa mtu tofauti kila milisekunde 20, UDP_SEGMENT haikusaidii. Tumia `sendmmsg`. Kwa video inayomiminwa kwa mtazamaji mmoja, hapo utaona tofauti kubwa.

HamaliWaPaketi

Kwa nini msiende XDP (njia ya kushughulikia paketi kwenye draiva yenyewe) moja kwa moja mkaachana na qdisc?

DadaWaKeneli

Kwa sababu tunachohitaji hapa ni qdisc yenyewe. AF_XDP, soketi ya kutumia kwa njia hiyo, inaruka foleni zote. Cake isingeona hata paketi moja ya Pemba. Ina mahali pake, lakini kwa gigabiti 3 kwenye kori nane tutakuwa tumevunja nyumba kwa sababu ya mlango kukwama.

MzeeWaTX

Anayetaka kujua kadi na draiva yake zinaweza kiasi gani kabla ya kulaumu qdisc, chanzo cha keneli kina hati tayari kwenye `samples/pktgen`:

```
./pktgen_sample03_burst_single_flow.sh -i eth0 -d 192.0.2.9 -m <MAC ya upande wa pili> -t 1 -b 1
```

Kisha rudia na `-b 32`. Namba ikipanda sana, kengele ndiyo iliyokuwa inakubana. Isipopanda, tafuta kwingine: IOMMU (mlinzi wa kumbukumbu) inayofanya DMA (kadi kusoma kumbukumbu yenyewe) ya kila paketi kuwa ghali (`iommu=pt` kwenye mstari wa kuwashia), au prosesa iliyoachwa ishushe kasi (`cpupower frequency-set -g performance`). Kumbuka pktgen kwa kawaida inairuka qdisc, kwa hiyo usichukue namba yake ukamwahidi mteja. Na kamwe usiirushe kwenye mtandao wenye watu.

Kwa wanaoandika au kubandika draiva, kosa moja ni la hatari:

```
kick = __netdev_tx_sent_queue(txq, skb->len, netdev_xmit_more());
if (kick)
        writel(tail, ring->tail);
```

Tuseme paketi saba za mwanzo zimeingia na xmit_more ikiwa kweli, ya nane ikashindwa, labda DMA imekataa, na draiva ikaitupa na kurudi mapema bila kufika hapo. Kengele haikupigwa. Zile saba zimelala kwenye ringi, kadi haina habari nazo. Zikikaa mpaka muda uishe utaona `NETDEV WATCHDOG` kwenye dmesg, kwa kawaida baada ya sekunde 5, na watu watasema kadi imekufa. Kila njia ya makosa lazima ipitie kengele.

FundiMichenzani

Nimehamisha kipimo kwenda eth0.20 na kurudisha mq. Slowpath haionekani tena juu ya perf, kori zinapumua, wateja wa Unguja wametulia. Ping ya Chake Chake imeshuka na haipandi hata redio ikiwa imejaa. XPS (kori ipi itumie foleni ipi ya kadi) nayo niipange kwa mkono?

DadaWaKeneli

ixgbe hujipangia yenyewe. Thibitisha tu kwa `grep . /sys/class/net/eth0/queues/tx-*/xps_cpus`. Unatakiwa uone 01, 02, 04, 08, 10, 20, 40, 80. Ukibadilisha idadi ya foleni kwa `ethtool -L`, tazama tena.

BaharinKojani

Na kabla hujafunga kazi: eth0.20 ikishushwa na kuundwa upya, cake inapotea bila ujumbe wowote, inarudi noqueue, na usiku ule redio itajaa. Iandike kwenye `/etc/network/interfaces` chini ya eth0.20:

```
post-up tc qdisc replace dev eth0.20 root cake bandwidth 370mbit besteffort dual-dsthost
```

Na default_qdisc iingize kwenye `/etc/sysctl.d/`. Ukimaliza washa mashine upya, kisha soma `tc qdisc show` kwa macho yako.